UZI: Baa za mwanzo za Nairobi. Nani alikunywa wapi, na pesa zilimwendea nani

Mzee wa Reli

Wakuu, juzi mtu aliuliza humu baa kongwe kuliko zote Nairobi ni ipi. Majibu yakawa hoteli mbili za zamani tu, Norfolk, Stanley, Norfolk, Stanley, mpaka uzi ukafungwa kwa matusi. Nimefungua huu ili tuongee kwa nafasi.

Tatizo langu na ule uzi ni kwamba kila mtu alihesabu baa za wazungu tu. Ukisoma vipeperushi vya watalii utadhani mji mzima ulikuwa veranda moja yenye viti vya kamba na boi wa kanzu nyeupe amesimama na trei. Unywaji mwingi wa Nairobi ile ulikuwa uani, kwenye nyumba za udongo za Pangani na Mji wa Mombasa (vijiji vya pembeni mwa Nairobi), na waliouza walikuwa akina mama. Hizo nazo ni baa. Nitaanza na veranda kwa sababu ndiyo mnayoijua, halafu tutashuka.

Reli ilifika hapa Mei 30, 1899. Palikuwa uwanda wenye maji ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe, hakuna mji. Muda si mrefu makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, yakaota mahema na mabati. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa kazi nzima ya reli, na wengi wa waliofika hapa walikaa kambini pamoja na wapagazi wa Pwani, askari, makarani Wagoa (watu wa Goa, India) na vibarua Wakamba na Wakikuyu. Pakiwa na watu wanaolipwa mwisho wa mwezi, pombe haihitaji kualikwa.

Mahali pa kwanza pa heshima (heshima ya wakati huo) palikuwa kwa Tommy Wood, Victoria Street, ambayo leo ni Tom Mboya Street. Ile tu iliyojaa matatu. Chini duka, vyumba vya kulala, meza ya chakula na chupa. Mlowezi akishuka kwenye treni alifikia pale, na walowezi walikutana pale kulalamikia serikali. Siasa za wazungu wa Kenya zilianzia kwenye hoteli ya aina hiyo, glasi mkononi.

Mwanamke aliyejifunza biashara pale ni Mayence Bent. Mwaka 1902 akafungua ya kwake, Stanley, akaiita kwa jina la Henry Morton Stanley, yule mwandishi msafiri. Mwaka 1905 moto ukala mtaa, hoteli ikaungua, akahamia Government Road (Moi Avenue). Mwaka 1913 akafungua nyingine pale kwenye kona ya Kimathi Street na Kenyatta Avenue tunapoijua leo. Ile ya zamani iliuzwa, na mnunuzi akabaki na jina Stanley, ndiyo maana hoteli mpya ya mama ikalazimika kuitwa New Stanley.

Norfolk yenyewe ilifunguliwa sikukuu ya Krismasi, 1904. Kwa hiyo wale mliotukanana: Stanley ilitangulia kwa miaka miwili, lakini Norfolk ndiyo haijahama kiwanja. Chagueni wenyewe.

Naendelea, nipeni muda.

Jogoo Road

Nimeweka kiti. Endelea mkuu.

Kiberenge

Mzee, kabla hujaendelea, ile stori ya magodoro ni ya kweli?

Mzee wa Reli

Ya Abraham Block? Ndiyo, na ni tamu kuliko stori zote za Norfolk. Kijana Myahudi kutoka Lithuania aliyepitia Afrika Kusini, akafika hapa 1903 hana kitu cha maana. Mama Bent alikuwa na vitanda bila magodoro. Block akaona nyasi zinazofyekwa kando ya reli zinachomwa tu bure, akazichukua, akazikausha, akashona magunia na kuyajaza, akamuuzia mama. Miaka ilivyosonga akainunua Norfolk, 1927, na miaka 20 baadaye akainunua New Stanley. Yaani fundi magodoro aliishia kumiliki vitanda vyenyewe na nyumba zake zote mbili.

Turudi Norfolk. Walionywea pale ni walowezi wakubwa, wana wa malodi wa Uingereza waliokuja kutafuta mashamba, hadi watu wakaibandika jina la Nyumba ya Malodi. Roosevelt wa Marekani alifikia hapo mwaka 1909 alipokuja kuwinda. Lodi Delamere, kiongozi wa walowezi, ndiye mhusika mkuu wa hadithi zake: inasimuliwa aliingia na farasi ndani ya chumba cha kulia, na kwamba alikuwa akilenga taa na chupa kwa bastola. Hadithi za aina hii zimesimuliwa kwa kicheko kwa miaka mia moja, na ule ukumbi wa mbele ukaitwa jina lake kwa muda mrefu. Nawauliza tu: Mkikuyu aliyelewa Pangani akavunja taa moja ya barabarani mwaka huohuo, angeandikwa kama mtu mcheshi?

Maofisa wa serikali hawakupenda sana kukaa na walowezi, wao walikuwa na Nairobi Club kule kilimani. Halafu usiku wa kuamkia mwaka 1914 ikafunguliwa Muthaiga Club, ya matajiri waliochoka hata na Norfolk. Kwa hiyo hata wazungu wenyewe walikuwa wamegawana.

Binti Pumwani

Na Wahindi? Mbona umewaruka? Babu zao ndio waliojenga reli, na Jeevanjee, yule mkandarasi tajiri wa Kihindi, ndiye aliyejenga nusu ya mji.

Mzee wa Reli

Swali zuri dada. Mhindi au Mgoa hakukatazwa na sheria kununua chupa, na maduka mengi ya Wagoa yaliuza mvinyo pamoja na vyakula vya mikebe. Alichokatazwa ni kiti. Angeweza kumuuzia Norfolk bidhaa, asingeweza kukaa Norfolk kuinywa. Ndiyo maana Wagoa wakajenga ukumbi wao mapema kabisa, 1905, wenye baa yao, dansi zao na karata zao.

Mwafrika alikatazwa vyote viwili, kiti na chupa. Hapa inabidi twende Ulaya kidogo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba huko Brussels, kichwa chake biashara ya utumwa, lakini ndani yake kuna sehemu ya pombe kali. Walichora mstari: kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta mpaka nyuzi 22 kusini, mahali ambapo pombe kali haijazoeleka isiingizwe kwa wenyeji. Afrika Mashariki yote imo humo. Walisema ni kumlinda Mwafrika. Wamisionari walioamini hivyo kwa dhati walikuwepo, sitawasingizia. Lakini mwajiri naye alitaka kibarua anayeamka Jumatatu, na mkataba ukamfaa.

Sheria za hapa zikafuata mkondo huohuo, na baadaye zikabana hata bia ya chupa. Mwafrika angeweza kubeba trei yenye bia kumi veranda nzima, na akikutwa na moja yake mwenyewe anapelekwa kortini.

Mgema Junior

Kwetu Pwani hawakuweza. Mnazi uko nyuma ya nyumba, mgema anapanda asubuhi na jioni, utaweka askari kila mti? Walijaribu leseni, watu wakaendelea mangweni (kwenye vilabu vya mnazi) kama kawaida, kata ya kunywea inazunguka. Mgeni aliyekuja Mombasa 1900 tembo (ndiyo hiyo pombe ya mnazi) aliikuta, na akaiacha.

Mzee wa Reli

Hapo umenena. Na usisahau kwamba watu wa Pwani ndio walioleta utaratibu wa kuishi mjini hapa Nairobi. Wapagazi, wapishi, askari waliomaliza mkataba, wafanyabiashara wadogo, walijenga vijiji vyao pembeni ya mji: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote, mwenye nyumba anapangisha chumba kwa chumba. Na mwenye nyumba mara nyingi alikuwa mwanamke.

Hapa ndipo penye baa ninazotaka kuzisema. Huko mashambani pombe ilikuwa na wenyewe. Kwa Wakikuyu muratina, pombe ya asali, ilikuwa ya wazee, ya mahari, ya kumaliza kesi, kijana hakuigusa hivi hivi. Haikuuzwa kwa kikombe. Mjini hakuna mzee wa ukoo wa kumwambia kijana wa miaka 20 asinywe, na kijana ana rupia mfukoni. Mwanamke aliyetoroka ndoa, au mjane asiyetaka kurithiwa, alikuta kitu anachokijua toka kwao kina bei. Akanunua mahindi na wimbi, akachemsha busaa, akauza chumbani kwake. Akapata kodi. Akiwa na akili ya pesa akajenga nyumba, akawa yeye ndiye anayepangisha. Wengi wao walisilimu, wakachukua majina ya Pwani, wakawa ni wa mji moja kwa moja, hawarudi tena kijijini.

Na Kibera huko, askari Wanubi (wenye asili ya Sudan) waliopewa makazi na jeshi walijua kukeneka, yaani kutengeneza pombe kali kwa mvuke. Kinywaji chao kikaitwa jini ya Wanubi, nyinyi mnakiita chang'aa. Hicho ndicho kilichowaumiza serikali kichwa, kwa sababu ni pombe kali hasa ile iliyokatazwa Brussels, tena inatengenezwa kwa sufuria na bomba.

Binti Pumwani

Asante kwa kuwataja. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Tulilelewa kuambiwa tuseme "alikuwa mfanyabiashara", hakuna aliyeeleza biashara gani.

Kiberenge

Lakini mzee tuseme ukweli, hizo nyumba zilikuwa na ukahaba pia. Usizipambe sana.

Mzee wa Reli

Zilikuwa nao, sijakataa. Mji ulijazwa wanaume kwa makusudi, mwajiri akalipa mshahara wa mtu mmoja asiye na mke, na nyumba ya kazini ikawa kitanda tu. Mwanamke wa Pangani aliuza alichohitaji mtu huyo: chai, maji ya moto ya kuoga, chakula, pombe, mazungumzo, na wengine hicho unachosema. Norfolk nayo iliuza vyakula, vitanda na pombe, na mambo ya wageni wa vyumbani hayakuandikwa polisi.

Sasa tufike mwaka 1922, maana ukiuelewa huo umeelewa uzi wote.

Machi 14 serikali ikamkamata Harry Thuku, karani wa simu aliyekuwa akipinga kipande (kitambulisho cha lazima cha Waafrika) na kodi na kazi za lazima za wanawake. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, wakalala pale. Tarehe 16 wazee wakawa wanazungumzia kutawanyika. Mary Muthoni Nyanjiru akasimama mbele, akawatukana wanaume kwa ile namna ya mama wa Kikuyu inayojulikana: akapandisha nguo na kuwaambia wachukue nguo yake wampe suruali zao. Umati ukasonga langoni. Askari wakapiga risasi, Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Norfolk iko ng'ambo ya barabara. Walowezi walikuwa verandani wanakunywa, na simulizi za walioshuhudia zinasema baadhi yao nao walipiga risasi kutoka pale walipokaa, watu wakiwa wanakimbia. Serikali ilitaja waliokufa 21. Hesabu za Waafrika zilikuwa juu zaidi ya hapo, kwa mbali.

Baa hiyohiyo ya farasi wa Delamere. Na leo barabara inayopita mbele yake inaitwa Harry Thuku Road, kwa hiyo kila anayetaka kuonyeshwa njia ya kwenda kunywa pale anatajiwa jina la yule mfungwa.

Jogoo Road

Nimepita hiyo barabara miaka yote ya chuo. Sikuwahi kuunganisha.

Mzee wa Reli

Wengi hatujaunganisha.

Mwaka huohuo, Desemba 1922, ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst, wakaandikisha kampuni ya bia, kiwanda Ruaraka. Kreti za kwanza zikaenda kuuzwa Stanley, si kwingine. Mwaka uliofuata George akauawa na tembo mawindoni, na bia ikapewa jina Tusker kwa kumbukumbu ya huyo tembo. Hiyo mnaijua, iko kwenye lebo. Kumbukeni tu kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa hiyo Tusker kwa zaidi ya miaka 20 ya mwanzo.

Na mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1920 manispaa ikafungua jumba lake la pombe Pumwani, eneo jipya lililopimwa ili Waafrika wote wahamishiwe huko. Mfumo uliazimwa Afrika Kusini. Durban ilipata sheria mwaka 1908: marufuku mtu binafsi kupika pombe ya kienyeji mjini, halmashauri peke yake ndiyo itapika na kuuza, na faida inaingia kwenye mfuko wa kuhudumia Waafrika. Safi sana kwa mzungu mlipa kodi. Mabweni, kliniki, mishahara ya polisi wa eneo, vyote vinalipwa na mnywaji mwenyewe.

Nairobi ikaupenda mpango huo. Kibarua akawa analipa kodi ya kichwa, analipa kodi ya nyumba, halafu jioni analipia tena huduma za mtaa wake kwa kikombe. Kadiri anavyolewa ndivyo mtaa unavyopata vyoo. Mimi nimesoma mengi ya ukoloni lakini hii huwa inanikalisha chini.

Aliyeumia zaidi ni mwanamke wa uani. Kazi yake ileile, pombe ileile, imekuwa kosa kwa sababu serikali imeingia kwenye biashara. Misako ikaanza: askari wanapiga fimbo chini kutafuta mitungi iliyofukiwa, busaa inamwagwa, faini, jela. Wengine waliitia faini hesabuni kama gharama nyingine yoyote, wakiachiwa wanawasha jiko. Pangani yenyewe ilibomolewa yote mwaka 1939, watu wakapelekwa Shauri Moyo kwenye nyumba za manispaa ambazo hawawezi kuzimiliki. Hilo pigo la kunyang'anywa nyumba liliwaangusha kuliko misako yote.

Kariakoo Damu

Nachangia kutoka Dar. Kwetu Mjerumani alitangulia na mambo yake: hoteli ya Kaiserhof pale bandarini, ndiyo kiwanja cha hoteli ya New Africa ya leo, na kulikuwa na kiwanda cha bia cha Schultz kabla hata ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwingereza alipoingia akafanya kama huko kwenu, pombe ya Waafrika ikawekwa sehemu maalumu chini ya halmashauri.

Tofauti ni kwamba wapika pombe wetu waliingia kwenye siasa kwa kishindo. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha akina mama TANU, chama cha kudai uhuru, mwaka 1955, hakuanza na wake wa makarani. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na kwa wapika pombe. Wale walikuwa na pesa yao, hawakuhitaji ruhusa ya mume kununua kadi ya chama, na walijuana mji mzima. Ukimwambia mmoja asubuhi, jioni Kariakoo nzima inajua.

Mzee wa Reli

Nashukuru sana kaka, hii ilikuwa inakosekana. Hapa Nairobi pombe iliingia siasa kwa mlango mwingine: wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya mwanzo ya 1950, Mau Mau waliamuru watu wasusie bia ya mzungu, sigara na mabasi. Baa za mitaa ya Waafrika zikakauka. Kwa kampuni ya bia hicho kilikuwa kipigo, maana baada ya Vita Kuu ya Pili sheria ilikuwa imelegezwa na Mwafrika alikuwa ameanza kuruhusiwa bia ya chupa. Pombe kali ilisubiri zaidi.

Na Durban, penye asili ya mpango wote, Juni 1959 wanawake wa mtaa wa Cato Manor waliingia kwenye majumba ya pombe ya halmashauri wakawafukuza wanaume kwa fimbo. Walikuwa wamechoka kuona pombe zao zinamwagwa na waume zao wanapeleka mshahara kwa halmashauri.

Kiberenge

Sasa uhuru ulipopatikana si ndio wakaachiwa wapike?

Binti Pumwani

Haha. Nyanya yangu alishikwa na Mwingereza, mama yangu mdogo akashikwa na Moi. Hesabu mwenyewe.

Mzee wa Reli

Dada amenijibia. Vilabu vya busaa vilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1970, Moi akiwa mpya madarakani. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria maalumu ya kupiga marufuku chang'aa. Ikakaa miaka 30. Sheria ya 2010 ikaifuta, watu wakashangilia kwamba chang'aa imehalalishwa, lakini soma masharti yake: leseni, chupa iliyofungwa, ujazo usiopungua mililita 250, onyo kwenye lebo. Mama mwenye mtungi wa plastiki Mathare au Majengo hana mashine ya kufunga chupa. Kwake hakuna kilichobadilika ila jina la kosa.

Waliofaidi ni wengine. Mwaka 2004 kampuni ileile ya Ruaraka ilitoa bia ya pipa ya bei ya chini kwa ajili ya mitaa ya wanywaji wa chang'aa, serikali ikaisamehe ushuru kwa hoja kwamba ni kulinda afya ya maskini. Mwaka 2013 ushuru ukarudishwa nusu, mauzo yakaanguka, na wanywaji wakarudi kwa mama. Kwa hiyo bado tunagombania kikombe cha yuleyule kibarua, na hoja ya kumlinda nayo ndiyo ileile.

Mgema Junior

Uzi wa mangwe nafungua mimi kesho. Msiulize bei ya mnazi humo, ninajua mtauliza.

Jogoo Road

Bei ya mnazi ni ngapi?